Kopo la Chumvi na Meza ya Kukunjia

Tarehe 4 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma, na kwamba mama mdogo anakusomea barua hii bila kuruka mahali. (Mama mdogo, usiruke.)

Ulikataa nisikupigie tena simu. Ulisema kwenye simu unanisikia nikigonga kompyuta huku nakujibu "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi," na kwamba kwenye barua mtu hana budi kukaa kitako. Haya, nimekaa. Mlango wa ofisi nimeufunga.

Unajua kwamba mkurugenzi wa zamani alipostaafu, bodi ilinipa kiti chake kwa majaribio. Mwezi wa sita wataamua kama nibaki au walete mtu kutoka nje. Na hali si nzuri. Hospitali kubwa tunayoifulia mashuka imelalamika mara mbili: mashuka yanafika masafi lakini yamekunjwa ovyo, wauguzi wanayakunja upya kabla ya kutandika. Hospitali ile ikituacha, taulo za hoteli mbili haziwezi kulisha kiwanda kizima.

Basi bodi wameona dawa ni kunipa kocha wa uongozi. Usicheke. Si wa mpira. Ni mzee mmoja mpole, zamani alikuwa meneja wa bandari kavu, siku hizi kazi yake ni kukaa na wakubwa wa makampuni. Nilidhani atanifundisha. Hafundishi. Nilidhani atanipa ushauri. Hatoi. Nilipomuuliza, "Sasa kazi yako ni nini?" akasema, "Kukusaidia uone unachokifanya, kisha uamue mwenyewe unataka kufanya nini." Halafu akanyamaza. Bibi, ananyamaza yule! Anauliza swali moja, kisha anakutazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Nilimwambia mimi si mkubwa wa kukaa juu tu. Nilianza pale nikiwa mkunja mashuka, na mpaka leo kila jioni nashuka kwenye meza ya kukunjia, navua koti, nakunja pamoja na wasichana. Nilidhani atanisifu. Akauliza kama anaweza kuja kutazama.

Jambo moja la mwisho. Anataka kumwandikia mtu mmoja aliyenijua kabla sijawa na cheo. Nimempa jina lako. Niwie radhi kama nimekosea.

Mjukuu wako,
Mbiombio


Tarehe 13 Februari

Mbiombio,

Marahaba. Miguu ni ileile, ila mdomo ni mzima. Ninayesema ni mimi na anayeandika ni mama yako mdogo. Nimemwambia aandike kama ninavyotamka, asinitilie sukari. Mara ya mwisho nilisema "mjinga" yeye akaandika "asiyeelewa," nikaja kugundua baadaye.

Huyo mtu wako sijamwelewa. Mtu mzima anapanda ngazi mpaka ofisini kwako, anakaa kwenye kiti kizuri, anauliza "unaonaje?", ananyamaza, anaaga, anakwenda zake. Hiyo ni kazi? Paka wangu angeiweza, na juu yake angekamata panya.

Halafu wewe ndiye wa kupewa mtu wa kukuangalia? Wewe uliyeanza hapo na vidole vimeungua kwa mashine ya pasi, ukiniletea mikono yako niipake mafuta? Waliokuwa wanakaa juu kwenye viyoyozi hawakupewa. Wewe unayeshuka kukunja na wenzako ndiye unayepewa. Nimekasirika mpaka chai ikanipalia.

Usiache kushuka kwenye hiyo meza. Hapo ndipo ninapokupendea. Na huyo Bwana Maswali aniandikie, aje. Namsubiri.

Bibi yako

Mimi mama yako mdogo: ameniamuru niandike kwamba ngumi ameikunja kweli. Ameikunja.


Tarehe 20 Februari

Bibi mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ndiye kocha anayefanya kazi na mjukuu wako. Amenipa ruhusa nikuandikie, na utakachonijibu kitabaki kwangu. Nikimweleza lolote, nitalichanganya na ya wengine ninaowauliza, asijue limetoka kwa nani.

Sikuombi umseme vibaya wala umsifu. Nina swali moja tu, na unaweza kukaa nalo kadiri upendavyo.

Mjukuu wako akija kukutembelea, kisha akaondoka, ni kitu gani kinakuwa hakiko kama kilivyokuwa?

Kwa heshima,
Kocha wa mjukuu wako


Tarehe 1 Machi

Bwana Maswali,

Marahaba.

Nilikuwa nimekuwekea maneno makali, nimeyapanga tangu wiki mbili nyuma, mazuri kabisa. Halafu swali lako likasomwa, na nikajikuta nimeyasahau. Nimekuwa nalo shambani, nimekuwa nalo nikioga. Umenitia mdudu sikioni wewe mtu.

Jibu nimelipata. Sikupi.

Usinielewe vibaya. Unasema utaficha jina langu. Mimi sina jina la kuficha kwa mtoto niliyemlea. Lililo moyoni mwangu juu yake litafika kwake likitoka kwangu, na akikasirika ajue wa kumkasirikia. Wewe siri zako ziweke kwa hao wengine wanaomwogopa.

Lakini nakupa hili bure. Nilimwambia mjukuu wangu kazi yako paka angeiweza. Sijalifuta. Ila nimeanza kuwa na wasiwasi nalo.

Bibi yake


Tarehe 6 Machi

Bibi,

Shikamoo. Leo nakuandikia nikiwa nimevurugika.

Yule mzee alikuja kutazama. Alisimama karibu na kabati la sabuni, mikono mgongoni, jioni nzima. Mimi nilivua koti nikakunja. Nikamaliza rundo zima, jasho linanitoka, wasichana wananiangalia, nikajua sasa ameona mimi ni mkurugenzi wa namna gani. Tulipopanda ofisini akaniuliza, "Yale mashuka uliyoyakunja, kabla hujayashika yalikuwaje?"

Nikamwambia yalikuwa yamekunjwa vibaya.

"Nani alikuwa ameyakunja?"

Nikamwambia, wasichana.

Akanyamaza. Nikamwambia, "Kama una neno sema, usinizungushe!" Akasema, "Sina neno. Nataka kujua wao walikuwa wakitazama nini." Nilimfungulia mlango, Bibi. Sikumfukuza, lakini niliufungua wote mpaka ukagonga ukuta.

Na leo asubuhi Mama Pasi ameleta barua ya kuacha kazi. Unamkumbuka, ndiye msimamizi wa meza ya kukunjia, ndiye aliyenifundisha mimi kushika pembe za shuka. Nilimuuliza sababu, akasema amechoka. Nikamwambia hata mimi nimechoka, ndiyo maana nashuka kumsaidia kila siku. Aliniangalia kwa namna ambayo sijui hata niielezeje. Wasichana wawili wameshaondoka kabla yake. Hospitali wanakuja kukagua mwezi wa tano. Nikimkosa Mama Pasi, nimekwisha, na bodi hawatakuwa na haja ya kufikiri sana.

Ulimwambia nini yule mzee? Aliuliza swali lile kama mtu anayejua. Tafadhali niambie kwamba hukumwambia neno.

Mbiombio wako


Tarehe 15 Machi

Mjukuu wangu,

Kaa chini. Umekaa? Mama yako mdogo analia kidogo hapa na sijaanza kusema, sijui anajua nitasema nini.

Sikumwambia neno. Namwambia mwenyewe, yaani wewe.

Mwaka jana ulikuja siku nne. Nilikuwa na furaha, nilikuwa natembea kama msichana. Siku ya pili niliporudi kutoka shambani nikakuta jikoni kumeng'aa. Umepanga kabati, umetupa makopo yangu ya maziwa, umeleta makopo mapya sita yanayofanana, yana mifuniko mizuri, na kila moja umelibandika karatasi yenye jina. Chumvi. Sukari. Majani ya chai. Ukaniita, ukasema, "Bibi, sasa hutahangaika tena!" Nikakukumbatia. Nikasema ahsante.

Mjukuu wangu, mimi nasoma nini?

Kopo langu la chumvi lilikuwa lile lililobonyea ubavuni. Nilikuwa naliweka dirishani, mkono wa kushoto wa jiko. Macho yangu yameshachoka, lakini mkono ulikuwa unalijua. Ulipoondoka nilitia chumvi kwenye chai, nikaweka sukari kwenye maharage. Mwanangu, yaani baba yako mdogo, mume wa huyu anayeandika, alikula akanyamaza, akadhani uzee umenifika. Watu husema nimekula chumvi nyingi, na nilikuwa hata siioni ilipo.

Kwa nini sikukuambia? Ulikuwa umefurahi mno. Na ulikuwa umechoka kwa ajili yangu. Mtu aliyejichosha kwa ajili yako utamwambiaje kwamba amekutoa nyumbani kwako?

Sasa mfikirie Mama Pasi. Anakunja tangu wewe hujaota meno ya pili. Wewe unashuka ngazi, unavua koti, unachukua shuka alilolipitisha yeye, unalikunjua mbele ya wasichana wake, unalikunja tena. Kila siku. Unamsaidia. Atakuambia nini, naye anakupenda?

Mwezi uliopita nilikuambia usiache kushuka kwenye meza. Nililisema kwa hasira, bila kufikiri. Lile la mikono na mafuta liko palepale.

Kasirika, lakini kula.

Bibi yako

Mimi mama yako mdogo: sijabadilisha hata neno. Nilitaka kubadilisha mengi.


Tarehe 19 Aprili

Mbiombio,

Mwezi umepita na hujaandika. Sawa. Nilikuambia ukasirike, sikukuambia ukasirike mpaka mvua zianze na ziishe.

Nakuletea habari ili ucheke. Wiki jana nikasema, ngoja na mimi nijaribu kazi ya Bwana Maswali, nione kama ni ngumu. Nikamwita mama yako mdogo hapa barazani, nikamuuliza, "Mwanangu, katika nyumba hii kuna kitu gani kinachokusumbua ambacho hujawahi kuniambia?" Akasema, "Hakuna kitu, Mama." Nikanyamaza.

Mtoto wewe, kunyamaza ni kazi! Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia anyooshe mgongo, nilitaka kumwambia kuku ameingia ndani, nilitaka kumjibia swali mwenyewe. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Chai ikapoa. Kuku akaingia, akatoka.

Mwisho akasema. Sasa anaandika hapa shingo ameiinamisha, nimemwambia andika, usiogope. Amesema yale makopo mapya aliyapenda. Amesema tangu aolewe miaka tisa hajawahi kupanga jikoni hata mara moja kusipanguliwe, na aliyekuwa akipangua si wewe. Wewe ulipangua mara moja. Mimi hupangua kila asubuhi, kabla hajaamka.

Nikamwambia, "Lakini mimi nilikuwa nakusaidia!"

Akanitazama. Nadhani ndivyo Mama Pasi alivyokutazama wewe.

Basi tuko wawili. Ugonjwa wako umeutoa kwangu, kama hiyo pua. Bwana Maswali mwambie paka asingeiweza.

Andika.

Bibi yako


Tarehe 2 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nilikasirika, sitakudanganya. Barua yako niliiweka kwenye droo, nikaitoa, nikairudisha. Nililia kwa sababu ya karatasi zile nilizobandika. Nilichagua hadi rangi ya wino. Sikufikiri hata kidogo nani atazisoma.

Nilimrudisha yule mzee. Nikamwambia, "Niambie nifanye nini na Mama Pasi." Akasema hilo hawezi kulijua yeye, kwa sababu hamjui Mama Pasi. Nikasema ninaweza kumwomba msamaha, ninaweza kumpandisha cheo. Akaniuliza, "Katika hayo yote, ni lipi litakalokufanya umsikie yeye?" Kisha akanywa maji.

Nilishuka jioni. Sikuvua koti. Mikono niliitia mfukoni, Bibi, isinitoroke. Mbele yangu kuna shuka, pembe moja imetoka nje kama ulimi wa mbwa. Nikalitazama. Likanitazama. Nikamuuliza Mama Pasi, "Dada, niambie kinachotokea kwenye meza hii mimi nisipokuwepo, na nikiwepo." Kisha nikafunga mdomo.

Akaweka shuka chini. Wasichana wakaacha kazi. Akasema:

"Wewe ulipokuwa ukikunja hapa, nilikuwa nikikutupia shuka ulilolikunja vibaya, unalirudia mwenyewe. Ndivyo ulivyojua kazi. Hawa wa sasa wakikosea, unawakunjia upya wewe, mkurugenzi mzima. Wamejua kwamba jioni utakuja. Basi wanakunja ovyo tangu saa nane, wanasema, 'Liache, Mama Mkubwa ataliweka sawa.' Nikiwakemea wananicheka, wanasema hata kazi yangu mimi inarudiwa. Unataka niwasimamie kwa lipi?"

Msichana mmoja akacheka kwa aibu, akajificha nyuma ya rundo la taulo.

Bibi, nilidhani mashuka ni mabaya ndiyo maana nakunja. Kumbe yalikuwa mabaya kwa sababu nakunja! Na yale niliyokuwa siwahi kuyarudia ndiyo yaliyokuwa yakifika hospitali.

Nikamuuliza anataka nini. Hakutaka cheo. Alisema, "Nataka shuka likitoka mezani kwangu liwe limetoka." Nikakubali. Akasema hatoi jibu la kuacha kazi au kubaki mpaka aone kama nitaweza.

Sasa jioni nakaa ofisini. Yule mzee kanipa kazi moja tu, ambayo hata hivyo niliichagua mwenyewe: kila ninapotaka kushuka, nijiulize nashuka kwa ajili yao au kwa ajili yangu. Jibu halinipendezi mara nyingi. Nadhani kule mezani ndiko mahali pekee nilipokuwa na uhakika kwamba najua kitu. Juu huku sijui, Bibi. Kila siku kuna jambo jipya, na hakuna pembe za kushika. Hilo sijawahi kumwambia mtu ila yeye, na sasa wewe.

Wakaguzi wanakuja wiki mbili zijazo. Wale wasichana wawili walioondoka niliwafuata nyumbani. Hawarudi. Mmoja hakunifungulia.

Mbiombio wako


Tarehe 11 Mei

Mjukuu wangu,

Nimesikia.

Kwamba hujui ukiwa huko juu, hilo halinitishi. Nilipofiwa na babu yako nikabaki na watoto na shamba, sikuwa najua hata mbegu hununuliwa wapi. Nilikuwa nafagia ua mara tatu kwa siku. Ua nilikuwa naujua.

Siku ya wakaguzi kaa ofisini. Ukishindwa kukaa, kalia mikono yako.

Bibi

Mimi mama yako mdogo: nimepanga jikoni tangu Jumatatu. Bado kuko vilevile. Anapita mlangoni akiangalia pembeni.


Tarehe 18 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, lakini nimekaa.

Wakaguzi walipokuja aliyewapokea ni Mama Pasi. Mimi nilikaa ofisini, nikakalia mikono kweli, katibu akaingia akauliza kama naumwa. Walifungua furushi la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu shuka la juu lilikuwa limepinda. Mama Pasi hakungoja waseme. Alilitoa, akamwita aliyelikunja, akampa mbele yao, akasimama pembeni mpaka alipolirudia. Mkaguzi wao mkuu akaandika kwamba kiwanda kina msimamizi. Hakuandika kwamba kina mkurugenzi. Nilisoma mstari ule nikauma mdomo, kisha nikacheka.

Hospitali imebaki kwetu. Mama Pasi amechukua barua yake ya kuacha kazi mezani kwangu, akaitia mfukoni.

Bodi waliniita jana. Mmoja aliniuliza, "Yule kocha alikufundisha nini?" Nikasema hakunifundisha kitu, alinikalia mpaka nikajiona. Walitazamana. Lakini wamenithibitisha. Mzee mwenyewe nilipompigia, alisema tu, "Na sasa unataka kukua wapi?" Hachoki yule.

Nakuja mwisho wa mwezi. Sileti kitu cha jikoni.

Mbiombio wako


Tarehe 2 Julai

Mbiombio,

Natumaini ulifika salama, na kwamba mgongo haukuumia na ule mzigo wa mihogo. Ulikataa, nikaufunga tena, ndivyo nilivyo. Mengine nitaacha, hilo la mihogo siachi.

Nataka nikuambie kitu ambacho sikukisema ulipokuwa hapa, kwa sababu ungelia na mimi ningelia, na supu ingeungua.

Siku ile ya pili uliposimama mlangoni pa jikoni. Uliona mwenyewe, vitu vimekaa kwa mpango wa mama yako mdogo, na kuna sufuria mbili juu ya mafiga ambazo ningezishusha kama ningekuwa peke yangu. Nikaona mikono yako inaenda. Nikasema moyoni, haya, tumerudi kulekule. Ukaitia mfukoni. Ukauliza, "Bibi, kopo la chumvi unataka likae wapi?" Ukanyamaza.

Mtoto wewe, nilitaka kujibu haraka. Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka jana. Halafu nikamwona mama yako mdogo amesimama na mwiko, hapumui. Nikakumbuka kwamba anayepika siku hizi ni yeye. Nikasema, "Mwulize mwenye jiko."

Ukamgeukia, ukamuuliza. Naye miaka tisa hajaulizwa, alihangaika na mwiko ule kama mwanafunzi. Uliona alivyofanya. Alifungua kabati la chini kabisa, akatoa kopo langu lililobonyea. Kumbe ulipolitupa alikwenda kuliokota, akaliosha, akalificha, akasubiri. Akalijaza chumvi, akaliweka dirishani, mkono wa kushoto wa jiko.

Ulipoondoka jana, nyumba ilikuwa kimya sana. Mwaka jana ulipoondoka nilijua ulikuja kwa sababu sikuona kitu kilipo. Jana kila kitu kilikuwa mahali pake, nikahisi kama sikuwa na mgeni. Niliingia jikoni na moyo mzito. Mama yako mdogo alikuwa nje anaanua nguo. Maharage yalikuwa yanachemka. Sikuwasha taa, sikumwita mtu.

Nikanyoosha mkono.

Bibi yako

Mimi mama yako mdogo: chumvi imezidi kidogo. Tumekula.